Meno ya Bibi Yunis

Saa kumi jioni, watoto wa darasa la kwanza walipokwisha kutoka, Mwalimu Elinipa alifuta ubao wa shule ya kijijini Msimbu na kuwakaribisha wanafunzi wake kwenye madawati ambamo magoti yao hayakuenea. Walikuwa wazee, wanawake wengi na wanaume wachache, na siku hiyo walikuwa kwenye ma, me, mi. Bibi Yunis, aliyekuwa kibogoyo kwa muda mrefu hata wajukuu wake wakadhani alizaliwa hivyo, alisimama na kusoma neno "mama" bila kusaidiwa. Kisha akatia kidole mdomoni.

"Mwalimu," alisema, "jino limetoka."

Mwalimu Elinipa alimpongeza, akamwambia akae, akamwita anayefuata.

Jambo hilo halikuwa geni kwake. Alipomaliza chuo cha ualimu na kutoka Upare kuja kufanya kazi Kibaha, wenzake waligombea sekondari za mjini. Yeye aliomba kisomo cha watu wazima, kitengo ambacho ofisini kilikuwa na meza moja karibu na mlango wa choo. Wenzake walimwita mama ngumbaru, naye akaitika. Aliamini kwamba hakuna mtu aliyechelewa kujifunza, na alilisema hilo harusini, msibani, na kwenye foleni ya benki pale Maili Moja, ambako watu walimpisha mbele ili anyamaze. Katika kijiji cha Janga alimfundisha mfugaji mmoja, Maige, aliyekuwa amehama na ng'ombe wake kutoka Usukuma. Siku Maige alipoelewa kugawanya, gego lilimwota papo hapo. Akalijaribu kwa mfupa wa mbuzi, akaridhika, wakaendelea na hesabu.

Lakini Janga kulikuwa na gego moja tu. Msimbu, ambako Elinipa alihamishiwa akiwa amebakiza muda mfupi kustaafu, meno yaliota kama uyoga. Kila jioni bodaboda ilimpitisha Kiluvya ikamshusha shuleni, na kila jioni kulikuwa na mdomo mpya wa kutazama. Yalikuwa meno ya utoto, madogo na meupe, yenye mianya. Msimu wa korosho ulipofika, kijiji kizima kilisikika kikitafuna. Wazee walimenya miwa kwa meno, wakamaliza mahindi ya kuchoma kabla wajukuu hawajanawa mikono. Mzee Hussen alimng'ata mkewe sikio kwa mapenzi, na mkewe, aliyekuwa ameshafika silabi za nya na nyo, akamng'ata na yeye. Walipoanza kusoma sentensi nzima meno ya utoto yalilegea, wakayarusha juu ya paa la shule na kuomba mengine, kama desturi ilivyo. Bati lililia kama mvua ya mawe. Mkuu wa shule aliomba tu wasilenge kwenye mfereji wa maji.

Habari zilifika kwenye Kamati ya Kisomo cha Jioni, iliyokuwa ikisimamia madarasa hayo. Mwenyekiti wake, Bwana Leodegar, mtu mpole aliyevaa tai hata siku za joto, alikuja kukagua. Aliwapanga wazee mstari mmoja, akawamulika midomoni kwa tochi ya simu, na akampigia daktari wa meno aliyesoma naye. Daktari alisema mwenye meno ya namna hiyo ana umri wa miaka sita au saba. Bwana Leodegar aliona hapo hakuna cha kujadili.

"Kamati inahudumia watu wazima, mwalimu," alisema. "Hawa ni watoto. Mtoto anasoma asubuhi, sheria iko wazi."

Darasa la jioni likafungwa. Elinipa alirudi Kibaha siku hiyo akicheka juu ya bodaboda mpaka dereva akasimama kuuliza kama kuna tatizo. Miaka yote alikuwa akiiombea ngumbaru nafasi kwenye shule halisi, na sasa nafasi imekuja kupitia fizi. Msimbu walipiga vigelegele. Fundi cherehani alishona sketi za bluu za viuno ambavyo hakuwa amewahi kuvishonea sare.

Asubuhi ya kuandikishwa, mkuu wa shule aliwapokea vizuri, akawauliza wazazi wao wako wapi.

Wazazi wao walikuwa makaburini. Mkuu wa shule alielewa, akasema mlezi naye anatosha, ila lazima awepo. Wazee walipiga simu kwa watoto wao Dar es Salaam kuwaomba waje wawaandikishe. Watoto walisema watakuja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wakasema unaofuata. Mzee Hussen akarudi shambani na sare yake.

Bibi Yunis peke yake ndiye aliyepata mlezi. Alikuja na mdogo wake, Mzee Isihaka, mwenyekiti mstaafu wa kijiji, aliyekuwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Alikuwa amemshika dada yake mkono tangu barabarani.

Mkuu wa shule alimuuliza ana uhusiano gani na mtoto.

"Ni dada yangu," Isihaka alisema. "Alikuwa darasa la kwanza mimi nilipozaliwa. Mama alikwenda shamba, yeye akatolewa shule anibebe. Nilipoacha kubebwa, nafasi ikawa yangu."

Mkuu wa shule aliandika "ndugu". Isihaka akaweka sahihi, akamwinamia Bibi Yunis, akamwamkia shikamoo, akamwambia asikilize mwalimu. Alikwenda kukaa nje ya darasa mpaka kengele ya kwanza ilipolia, akijifuta macho kwa mkono wa kanzu.

Bibi Yunis aliketi dawati moja na Justa, binti wa jirani yake Adam. Walipatana mara moja, kwa kuwa wote walikuwa na mapengo mbele na wote walishindwa kutamka s. Walicheka mpaka mwalimu akawatenganisha, kisha akawarudisha kwa sababu hapakuwa na dawati lingine. Justa alimfundisha kuruka kamba. Bibi Yunis alimfundisha kumenya muwa bila kudondosha maji. Elinipa, ambaye sasa hakuwa na darasa, alikuja mara kwa mara kuchungulia dirishani, na kila alipochungulia alirudi Kibaha akiwa mwepesi kama aliyekunywa togwa ya harusi.

Baada ya likizo Justa hakuonekana. Mama yake alikuwa amejifungua, na alikuwa amerudi kuuza mihogo barabarani. Bibi Yunis alimpa Elinipa habari hiyo, wakaongozana hadi nyumbani kwa Adam. Justa alikuwa uani akichota maji kwenye pipa, mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa mzito kwake, kwa hiyo alitembea akiwa ameinama.

Adam aliwakaribisha viti. Elinipa alimweleza taratibu kwamba Justa anatakiwa shuleni, na Adam alimsikiliza kwa heshima, bila kukatiza.

"Ataanza tu, mwalimu," alisema. "Kwani haraka ya nini? Bibi Yunis huyu hapa ameanza na mvi, na meno kaota. Wewe mwenyewe ulitwambia pale msibani kwa Ally, hakuna anayechelewa."

Hakuwa na dhihaka. Alikuwa anamkumbusha mgeni neno zuri la mgeni mwenyewe. Elinipa alitazama mikono yake, iliyokuwa bado na chaki ya miaka yote kwenye mikunjo.

Bibi Yunis ndiye aliyesimama. Alivua kanga ya mabegani, akaenda kwa Justa, akamgeuza, akamfungua mtoto. Alijibebesha mwenyewe, kwa mpigo mmoja wa mgongo, kama mtu aliyefanya hivyo juzi. Adam alisema kama ni hivyo, basi yeye hana neno.

Jumatatu mwalimu wa darasa la kwanza aliita majina. Justa aliitikia kwa sauti kubwa. Jina la Yunis lilipoitwa, Justa alisimama.

"Yuko nyumbani, mwalimu. Amebeba mtoto."

Mwalimu alitia alama, akaita jina linalofuata.