Pesa Isiyo na Transport

Kwa maneno ya Mama Bénita, jirani wa ukuta kwa ukuta, shemeji yake wa Rutshuru alipokea dola mia mbili kwenye telefone uji wake haujapoa, na frais, ile ada ya kutembeza pesa, ilikuwa dola tatu tu. "Ni pesa ya mtandao, Nasiba. Haijui banki, haijui barrière ya njiani."

Nasiba si mutu wa kukimbilia maneno. Wiki mbili alisikiliza tu. Lakini chupa ya matone ya mama yake ikaisha, na daktari wa macho alikuwa amesema wazi: nuru ikipotea hairudi, dawa isikatike hata siku moja. Banki zimefungwa tangu vita iingie mujini. Akamwandikia yaya yake Abdoul, kaka yake mukubwa, dereva wa lori kule Kampala, atume kwa njia hiyo.

Siku ya tatu bila matone, zikaingia dola kumi na sita. Kumi na nne za chupa, mbili za kutolea. Abdoul amelelewa vizuri: hatumi pesa bila frais ya kutoa.

Prodige, mubadilisha pesa wa Majengo, akaishika telefone, akabonyeza mara mbili, akaguna.

"Dada, pesa yako iko. Haina transport."

"Namna gani? Si ameweka frais humo humo?"

"Ameweka kama tulivyozoea. Huku frais haikatwi kwenye dola. Inataka sarafu ingine ya mtandao, ya barabara yenyewe inapopita pesa. Na barabara haitazami muzigo: utembeze dola elfu, utembeze kumi, ni tatu zile zile."

"Basi kata kwa hizi kumi na sita, papa."

"Nikate vipi, na hazijatoka? Na zitatokaje bila frais?"

"Nyumba imefungwa, funguo iko ndani!" akadakia muzee mumoja aliyengoja nyuma. Watu wakacheka. Nasiba hakucheka.

"Nikopeshe hiyo sarafu, Prodige. Hata zikibaki kumi na tatu, mutu wa dawa nitamubembeleza."

"Tangu asubuhi nimeombwa na watu sita. Wote dada zangu." Akamurudishia telefone.

Alimupigia Abdoul mara nne. Telefone imezimwa, alikuwa ameshaingia njia ya Juba, na huko hupotea hata siku tano.

Nyumbani mama alisikia mulango. Alijilaza kitandani, akainua kidevu, akavuta kope ya chini kwa kidole, jicho wazi likitazama mabati.

"Haya mwanangu, nitilie."