Nusu ya Jina la Mama Cécile

Chibalonza alikuwa anaosha sufuria iliyokuwa safi tangu Jumapili. Simu aliiegemeza kwenye chupa ya mafuta, na humo Muriuki, mhasibu wake Mkenya, alimsubiri kwa subira ya mtu aliyechoka.

"Mama, ni mstari mmoja tu. Tia sahihi, mahesabu yaende leo."

Mstari huo ndio uliomshinda. Aliponunua biashara ya kupikia harusi kutoka kwa Mama Cécile, hapo mtaani Mount Druitt, ughaibuni, alilipia sufuria, gari, na zaidi ya hivyo, jina. Jina hilo, Jiko la Mama Cécile, likaingia kwenye mizania kama mali, ingawa halishikiki. Sasa lokidauni ilikuwa imefuta harusi zote, na Muriuki alitaka thamani ya jina ipunguzwe nusu.

"Nimpunguze mtu aliye hai? Mama aliyewasimamia wanangu ubatizo?"

"Si yeye, mama. Jina tu."

"Kwenu labda. Kwetu jina ni mtu! Basi weka langu lijazie. Siku hizi watu wanaagiza mboga ya sombe kwa kunitaja mimi."

"Jina ulilolikuza mwenyewe haliandikwi. Linaandikwa la kununua tu."

Chibalonza alikata simu. Bora Mama Cécile asikie kutoka kwake kuliko kwa watu wa kanisa. Akampigia, mikono bado ina povu, akamwambia yote bila kupumua.

Upande wa pili ilisikika televisheni tu, ikisoma idadi ya wagonjwa wapya. Nimemvunja moyo, Chibalonza aliwaza.

"Nusu?"

"Nusu, mama. Unisamehe."

"Na lilipokuwa langu, miaka yote nikisonga bugali mpaka mgongo ukapinda, liliandikwa wapi?"

"Hakuna mahali, mama. Halikuandikwa. Ulilikuza mwenyewe."

"Kumbe!" Kicheko kikaja, na kikohozi nyuma yake. Chibalonza akashika ukingo wa sinki. "Acha woga, ni chai imenipalia. Kwa hiyo aliyeniingiza kwenye mali ni wewe? Hata nusu inazidi nilichokuwa nacho, mwanangu. Tia sahihi, nasubiri hapa hapa."

Kidole kilichelewa juu ya kioo cha simu, kisha kikatia sahihi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Mwambie huyo Mkenya wako, akitaka kunishusha tena, anipigie mwenyewe."