Sikio Lililochelewa Miaka Tisa

Saa nne kasoro robo asubuhi, mshona sare aliketi kwenye chumba kisichopitisha sauti, hedifoni kichwani, kitufe mkononi. Miezi mitatu nyuma daktari alimwekea kwenye sikio la kushoto kifupa cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele, badala ya vile vilivyoliwa na usaha. Kazi yake leo ilikuwa moja: akisikia mlio, abonyeze.

Mlio hakuusikia. Alimsikia mkwe wake akisema, "Kizee hiki kitatuzika sote," na kijiko kikizunguka kikombeni. Akabonyeza. Maneno yale yalikuwa ya miaka tisa iliyopita.

Alipobonyeza mara ishirini na mbili, mpimaji alifungua mlango akicheka. "Bibi, umefaulu! Unasikia kama paka."

"Nasikia ya zamani, mwanangu."

"Fomu haiulizi ya lini."

Akaandika *Imefanikiwa*. Daktari akamjumlisha kwenye asilimia tisini na sita zake za mafanikio, akaenda kuzisoma mkutanoni akiwa na tai mpya.

Nyumbani, kila mwenye neno juu ya mama alizoea kukaa kushoto kwake, upande wa sikio lililokuwa limekufa. Kiti cha kushoto kilikuwa kimebonyea hadi chaga. Cha kulia bado kiling'aa. Sasa sikio likaleta yote kwa zamu, siku kwa siku, bila kuruka hata sikukuu.

"Leo mmefika msiba wa baba yenu," aliwaambia, uzi mdomoni. "Mnagombea saa yake, na maiti haijaoshwa."

Mwanawe mkubwa akakohoa. "Mama, hayo yamepita."

"Kwangu ndiyo yanaingia."

Kwa wiki nzima kiti cha kushoto kilikaa kitupu. Kisha mkwe akachukua kalenda na penseli. "Jamani, mbona tunajitesa? Haya ya leo atayasikia ana miaka themanini na mitatu."

"Akifika," alisema mumewe, yule mwana mkubwa.

Wakarudi kushoto. Walizungumza kwa raha zao juu ya chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa ambalo mama alitungia uzi kwa mwanga wake. Kingefaa duka la simu. Stoo ya jikoni haina dirisha, lakini kwani mzee anatazama nini?

Mama aliona midomo ikicheza. "Mnasemaje?"

"Tunakusifu, mama."

Jumamosi asubuhi cherehani ilibebwa hadi stoo, ikawekwa kati ya ndoo na gunia la mkaa. Mama aliketi, akapapasa tundu la sindano kwa kidole. Uzi uligoma mara saba.

Mara sikio likaleta ya siku hiyo. Mwanawe mkubwa, miaka tisa nyuma, akiwaonya wadogo zake: "Nisikilizeni. Chumba cha mbele ni cha mama. Hatoki humo maadamu niko hai."

Kidole gumba cha mama kikabonyeza hewa, kwa mazoea. Sauti ilikuwa safi, kila neno mahali pake. Upasuaji ule, haki ya Mungu, ulifanikiwa.