Dakika Kumi za Mtaa wa Juu

Mjukuu wangu alipochaguliwa kuusemea mtaa wetu mbele ya baraza la mji, alikuja mbio mpaka chumba changu cha cherehani, akajitupa juu ya furushi la mashuka.

"Bibi, nimekwisha! Dakika kumi, na madiwani kumi na wawili wote macho kwangu!"

"Wakutazame tu, mke mwenzangu, wewe si mbaya hivyo. Labda hiyo pua ya babu yako ndiyo itawasumbua."

Akacheka. Ndicho nilichokitaka, maana mtu akiwa na hofu hafundishiki.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mji umepata gari moja la wagonjwa, na mitaa miwili inaligombea: sisi wa juu na wenzetu wa bondeni. Kila mtaa utoe msemaji mmoja aeleze kwa nini gari lilale kwao. Sisi tulimchagua yeye kwa sababu amesoma, ana sauti, na kwa sababu ya mama yake. Huyo mama yake ni mwanangu, kitinda mimba wangu. Miaka minne iliyopita uchungu ulimshika mvua inanyesha, gari la kukodi likashindwa kupanda kwetu, wanaume wanne wakambeba na kitanda chake. Hawakufika naye.

Basi tukaanza kazi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusema na watu nakujua. Nikamwambia aanze na kitendawili, kwa sababu mtu ukimtegea hatoki mpaka apate jibu. Nikamtungia mwenyewe: "Nina miguu minne na sijui kutembea, siku nikisafiri, naenda kwa minane." Jibu lake ni kitanda cha mgonjwa aliyebebwa na watu wanne.

"Jibu liweke mwisho kabisa," nikasema. "Hapo hapo na ombi, na ile hoja yetu kubwa."

Hoja yetu ni kwamba gari likilala juu, hata kwenye tope litateremka kwenda bondeni. Likilala bondeni, mvua ikinyesha halipandi kwetu. Nani angebisha?

Akatoa simu apime dakika.

"Rudisha simu yako. Kushona pindo la shuka moja la zahanati ni dakika kumi. Naanza na taarifa ya habari ya dakika kumi redioni, tunamaliza pamoja. Miaka thelathini hivyo hivyo."

"Kwani bibi wewe ni saa ya ukutani?"

"Ya ukutani huisha betri."

Siku saba alisimama mbele yangu, mimi nashona, yeye anasema. Siku ya pili nilimnyang'anya makaratasi. Siku ya tatu nikamkataza kuchezea mtandio. Nikamwambia asiseme na dari, dari haipigi kura. Na kila siku alipomaliza, mimi nilikuwa nakata uzi. Nikajisifu moyoni.

Siku ikafika. Msemaji wa bondeni, mwalimu mstaafu, alisoma hesabu zake polepole kama anayeita majina darasani, akaketi. Kisha akasimama wangu. Alipotega kitendawili, ukumbi ukachangamka.

"Meza!" diwani mmoja akasema.

"Meza inasafiri kwenda wapi, mzee?" mwenzake akamjibu, wakacheka wote.

Alisema vizuri, mtoto yule. Alisema umbali, akasema akina mama waliojifungulia njiani. Kisha akafika kwa mama yake. Sauti ilishuka ila haikukatika. Diwani mmoja mwanamke akavua miwani akajifuta macho.

Hapo ndipo nilipotazama chini. Mguu wangu, uliokuwa ukikanyaga sakafu kwa mazoea kama niko kwenye cherehani, ulikuwa umesimama. Kumbe siku zote saba, kila alipofika kwa mama yake, mguu ulikuwa unasimama hivyo hivyo, na shuka linanisubiri nimalize kumkumbuka mwanangu. Dakika kumi zetu zilikuwa kumi na tatu.

Karani akapiga kengele.

"Mheshimiwa mwenyekiti, bado kidogo tu, bado ombi..."

"Binti, kengele ni kengele." Mwenyekiti hakusema kwa ukali. "Pole sana kwa msiba. Lakini hukutuambia kwa nini gari lilale kwenu."

Kura nane zikaenda bondeni, nne kwetu.

Yule diwani mwenye miwani alitufuata kwenye ngazi. "Mwanangu, jibu lilikuwa nini?"

Mjukuu akampa jibu, akampa na hoja ya tope. Yule mama akashika ukingo wa ngazi.

"Hilo la tope lingetosha peke yake," akasema. "Mngeanza nalo."

Tulitembea mpaka chini ya mwinuko wa mtaa wetu. Nikashindwa kuvumilia.

"Kosa ni langu. Mguu wangu ulikuwa unasimama."

"Nilikuwa nauona, bibi."

"Unauona, na unanyamaza?"

"Tangu tumzike mama sijakuona ukimlilia. Nikasema, acha bibi apumzike."

Nilimshika mkono tukapanda.

Wanawake wa mtaa walikuwa wanatungoja kwenye kona. Mke wa seremala, mimba yake mwezi wa nane, akainuka mkono kiunoni.

"Tumepata?"

"Hatukupata, dada," mjukuu wangu akasema.

Hakuna aliyetulaumu. Kisha mke wa seremala akaanza kuuliza ni wanaume gani watakuwa wanashinda nyumbani mwezi ujao. Wakamtajia mlinzi, fundi matofali, na wale ndugu wawili wa mashine ya unga. Akawahesabu kwa vidole, akaniuliza kama yule fundi matofali mgongo wake umepona.

Nikamwambia sijui, nitamuuliza.