Kina cha Maij

Peris Mumbua hakuweza kupita neno lililokosewa bila kulirekebisha. Siku moja hotelini aliomba chaki ili aongeze herufi moja kwenye ubao uliosema "Capati moto". Kwa hivyo, miezi miwili baada ya kuajiriwa na kampuni ndogo mjini Machakos iliyotengeneza visanduku vya kuendesha pampu za visima, alipokuta ndani ya programu neno kina_cha_maij, alihisi kama mtu aliyeona mende kwenye sukari.

Kila kisanduku kilikuwa kompyuta ndogo yenye mfumo endeshi wake. Katikati ya mfumo huo kulikuwa na kiini, ile sehemu inayoiamuru pampu iwake au izime. Watu wa kisimani walikipangia kiini kazi kwa ujumbe wa simu. Ukituma kina_cha_maij 3, tangi linajaa hadi mita tatu, pampu inazima. Neno hilo liliandikwa miaka sita nyuma na Lenny, mhandisi wa kwanza wa kampuni, ambaye sasa alikuwa amepata kazi nyingine na kuhamia Mlolongo.

"Ni maji, si maij," Peris alimwambia mkubwa wake, Onesmus. "Tunaaibika."

"Kuna mtu analitumia?" Onesmus aliuliza bila kuinua macho.

"Nani atatumia neno ambalo hata si neno?"

Onesmus alikuwa na chai mkononi na hakutaka ubishi. Peris akageuza herufi mbili, akalifuta neno la zamani, na Alhamisi toleo jipya likatumwa hewani kwa visanduku vyote arobaini na kimoja. Wikendi hiyo alikuwa na furaha ya mtu aliyefagia chini ya kitanda.

Jumatatu asubuhi simu ililia. Alikuwa Mzee Kaloki, mwenyekiti wa kikundi cha maji cha Kivaa.

"Mwiitu, binti yangu, huku kumefurika."

"Pole sana, mzee. Mvua imekuwa kubwa?"

"Mvua gani mwezi wa tisa? Ni tangi. Limemwaga tangu jana."

Kilichotokea kilikuwa rahisi. Kisanduku cha Kivaa kilipopokea toleo jipya Jumapili, mtandao uliporudi, kilisoma mipangilio yake ya zamani, kikakuta neno kisilolijua, kikalitupa. Kwa kukosa maagizo kikashika kipimo cha kiwandani, mita tano. Matangi mengine yote yana mita tano; la Kivaa lina tatu. Pampu ikaendelea kusukuma, ikisubiri kwa uaminifu mita mbili ambazo hazikujengwa. Na kwa kuwa watu wa Kivaa hawajazoea kulalamikia wingi wa maji, saa za kwanza walishukuru Mungu na kuleta mitungi. Maji yalipofika kwenye matofali mabichi ya Kaloki, mia nane, yaliyopangwa yakingoja kuchomwa, ndipo shukrani zilipoisha.

Jumanne Kaloki mwenyewe aliingia ofisini, amevaa koti na kofia ya kanisani. Alimsalimu Peris kwa Kikamba, wi museo, akaitikiwa, kisha akaweka juu ya meza kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akakifungua. Ilikuwa bonge la udongo lisilo na umbo.

"Hili lilikuwa tofali," alisema.

Onesmus alikumbuka ghafla kwamba ana mkutano benki, akatoka. Peris akabaki na mzee na udongo.

"Mzee, samahani kabisa. Lakini ni kitu kidogo. Badala ya maij, mtaandika maji. Vile inafaa kuandikwa."

"Wavinya wa pampu ametuma hiyo maij mara saba. Kisanduku kinasema hakijui. Miaka sita kimejua, leo hakijui. Kimegonjeka?"

"Hakijagonjeka. Nimerekebisha kosa."

"Kosa la nani?"

"La aliyeandika. Maij si Kiswahili, mzee."

Kaloki alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto wa mwenzake.

"Kwetu nyumbani yanaitwa kiw'u. Maji tulifundishwa shule. Maij tulifundishwa na kampuni yako. Sisi tukashika zote, hatukuuliza ni gani ya kweli. Sasa unataka tusahau moja?"

Peris alifunga kompyuta yake na kuondoka naye, katika pikapu ya parokia iliyomleta, kwenda kuona mwenyewe.

Kwenye ukuta wa nyumba ya pampu kulikuwa na maandishi ya rangi ya mafuta, herufi kubwa kama za jina la shule: KINA_CHA_MAIJ 3. Chini yake mtu alikuwa amechora tangi, mshale na uso unaotabasamu. Wavinya, mama aliyesimamia kisima, alieleza kwamba neno hilo lilikuwa pia kwenye daftari la kikundi, kwenye kalenda jikoni kwake na kwenye simu za akina mama kumi na wawili wanaopokezana zamu.

"Na wageni wakiuliza ni nini?"

"Tunawaambia ni Kiingereza," Wavinya alisema.

Peris alimwomba ajaribu kutuma neno jipya. Wavinya akavaa miwani, akaandika taratibu. Kidole gumba kikaandika maij. Akafuta. Kikaandika maij tena. Mara ya tatu alikipiga kidole kwa mkono wa pili, kama anayemkanya ng'ombe, na bado kikaandika maij.

"Hiki kidole kimezeeka nayo," alisema. "Mwambie yule mwenye kisanduku akubali."

"Mwenye kisanduku ni mimi, mwaitu," Peris alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Basi kubali."

Peris aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampigia Lenny ili angalau amlaumu mtu.

"Kwa nini uliandika maij?"

"Niliandika hivyo?" Lenny alicheka. "Nilikuwa na mahindi choma mkono mmoja. Si mngerekebisha siku hiyo hiyo?"

Siku hiyo hiyo ingewezekana. Baada ya miaka sita na ukuta wa rangi ya mafuta, hapana. Peris aliona kwamba neno lile halikuwa lake tena, wala la Lenny. Kosa lilikuwa limekua, likapata makao na watu.

Kabla hajaondoka aliipanga pampu ya Kivaa kwa mkono wake. Kesho yake ofisini aliandika toleo lingine: kiini kikubali majina yote mawili, jipya na la zamani, yote yakifanya kazi ileile. Lakini kiburi kilikuwa bado kimebaki kidogo, kwa hivyo atakayetumia lile la zamani alirudishiwa ujumbe: Umepitwa na wakati. Tumia kina_cha_maji.

Simu ililia kabla ya chakula cha mchana.

"Peris," ilikuwa sauti ya Wavinya. "Maji yako sawa. Lakini kisanduku kimeniambia nimepitwa na wakati. Mimi niko na miaka hamsini na mbili tu! Nimewasomea wenzangu, wamecheka mpaka zamu imekwama. Mume wangu amesikia."

"Si wewe, mwaitu! Ni ujumbe uliotuma!"

"Kimesema umepitwa. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika simu."

Alasiri hiyo Peris aliufuta ujumbe, akaweka mahali pake neno moja tu: Sawa. Jumamosi alirudi Kivaa na Onesmus, wakashinda siku nzima wakifyatua matofali chini ya uangalizi wa Kaloki. Yale ya Onesmus yalikataliwa yote.

Tangu hapo kila toleo jipya hupita kwanza Kivaa kwa majuma mawili, na Kaloki husema liendelee au lirudi. Mwezi uliopita Peris aligundua jambo lingine: mpangilio wa kasi ulikuwa kinyume. Ukiandika moja, pampu inakimbia. Ukiandika tano, inajikokota. Alimpigia mzee.

"Mnajua kwamba hii kasi iko nyuma mbele?"

"Tunajua. Moja ni mbio kwa sababu ni nambari ya kwanza, kama darasani. Tano ni yule wa mwisho. Kwani ina shida?"

Vidole vilimwasha Peris.

"Haina shida, mzee," alisema. Kisha ndani ya programu, juu ya mstari wa kasi, akaandika maelezo kwa mhandisi atakayekuja baada yake: Hili ni kosa. Watu wanalitegemea. Usiliguse.

Akayasoma mara mbili kuhakikisha hakuna herufi iliyopotea, akaenda kula.