Ndege Isiyoguswa Mwaka Mzima

Kila Ijumaa, nikitoka msikitini, nilipanda pikipiki hadi uwanja wa ndege kufanya jambo nililokatazwa. Mlinzi alinijua, alinifungulia bila maswali. Ndani ya hanga kulikuwa na ndege ya viti vinne, iliyotengenezwa mwaka 1967, imefunikwa turubai kutoka pua hadi mkia. Niliingia chini ya turubai, nikashika helisi, lile panga la mbele, nikaizungusha kwa mkono mara kumi. Taratibu, bila kelele. Kisha nilirudi mtaani kwangu Buyenzi kula chakula cha mchana, na kilinishuka vizuri.

Nilifanya hivyo Ijumaa hamsini na moja. Nasema mapema ili msije mkasema Tajudini alificha. Nilificha, ndiyo, lakini si kwenu.

Ndege ilikuwa ya Dogiteri Pontien, mganga wa meno. Mimi ni fundi wa magari, karakana yangu iko Jabe, nyuma ya soko. Ndege nilifundishwa na fundi mmoja wa kizungu nikiwa kijana. Vita vilipoanza akaondoka, akaniachia spana zake na kiburi chake. Vitabu hakuniachia, na mimi sikuvitafuta. Injini naisikiliza. Kwa miaka ishirini na miwili niliisikiliza ile ya Dogiteri, na haikuwahi kutuangusha.

Nasema kutuangusha kwa sababu Dogiteri alikuwa na sheria moja: aliyefunga boneti ndiye anayekaa kiti cha pembeni. Ukitengeneza, unaruka nayo. "Kama we unaogopa kupanda, mi nitapanda namna gani?" alikuwa akiniambia, huku anacheka na meno yake mazuri. Nilipanda kila mara. Nimeliona ziwa kutoka juu mara nyingi kuliko wavuvi wanavyoliona kutoka mtumbwini.

Alikufa usingizini, kifo cha mtu mwenye bahati. Siku ya maziko, kabla hatujanawa mikono, kaka yake mkubwa, Mzee Valéry, alisimama mbele ya watu na fimbo yake.

"Kitu ya Pontien hakuna mutu ataigusa mpaka tutaganduka," alisema. "Kiti yake, nguo yake, ndege yake. Sipendi kusikia ile moteri inalia wakati sisi tuko tunalia."

Kuganduka ni kuondoa matanga. Familia nyingi humaliza mapema, watu wana kazi. Mzee Valéry alitaka mwaka mzima, na katika ukoo ule neno lake halirudi. Akanitazama mimi hasa. Nikainamisha kichwa.

Lakini nani asiyejua kwamba chuma kisichotembea hushikana? Mtu mzee akikaa kitini mwaka mzima, atainuka na magoti gani? Kuiwasha nisingeweza, ingesikika. Nikasema, basi, nitaigeuza kwa mkono, kimyakimya, kwa ajili ya rafiki yangu. Nilijiona mwerevu kuliko ukoo mzima. Nilijiona nampenda Dogiteri kuliko nduguze. Hilo la pili lilikuwa kweli, na ndilo linalonichoma.

Jumatatu ya wiki ya kuganduka, Carmen alirudi kutoka Nairobi. Ni binti pekee wa Dogiteri. Alijifunza kurusha ndege kwa baba yake kabla hajajifunza kuendesha gari, kisha akaenda kuchukua leseni huko. Familia ilikwisha kuwaalika watu mia mbili waje Jumamosi katika shamba lao la Ruziba, kando ya ziwa, na kadi ya mwaliko ilisema kwamba ndege ya marehemu itapita juu mara mbili.

Mzee Valéry alikuja mwenyewe hangani kuturuhusu, tukaondoa turubai pamoja. Carmen aliweka kiganja kwenye ubavu wa ndege akalia kidogo. Kisha akafuta macho, akatoa kitabu kinene cha injini kwenye mkoba, akaniita ami kwa Kifaransa kama zamani.

"Tonton Taju, nikuulize. Mwaka huu muzima, kuna mutu aligeuza helisi na mukono?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kitabu inasema ni mubaya sana. Moteri ikikaa, oili inabaki imeshika ku vyuma, inavikinga. Ukigeuza na mukono, unaipangusa ile oili, na pompe haileti ingine. Kila mara unageuza, kutu inapata njia. Kama haikuguswa, tunaweza kujaribu. Kama iliguswa, haturuki. Tutafungua moteri yote kwanza, hata kama ganduka itapita."

Nikahesabu. Ijumaa hamsini na moja, mara kumi kila Ijumaa. Nilikuwa nikiipangusa injini ya rafiki yangu kama mtu anayemvua mgonjwa blanketi.

Ningesema pale pale. Lakini Mzee Valéry alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, mikono miwili juu ya fimbo, masikio wazi.

"Apana," nilisema. "Sijaigusa, hata na kidole."

Mzee akanigonga begani. "Munaona? Muislamu huyu ametushinda sisi wote kwa heshima."

Mimi ni mtu wa hasira, mke wangu Saliha atawaambia. Siku ile hasira yote ilimwendea yule mtoto na kitabu chake. Nani kamtuma? Miaka ishirini na miwili nimeilea injini ile, leo karatasi inifundishe! Nilibadilisha oili na filta, nikasafisha tangi na kabureta, nikavunja vidonge vya udongo ambavyo nyigu walivijenga kwenye mirija, na muda wote nilikuwa nikibishana na kitabu kimoyomoyo.

Jumatano tuliiwasha. Ikakohoa, ikashika, ikalia vizuri, nami nikamtazama Carmen kwa dharau kidogo. Alhamisi alizunguka uwanja mara mbili peke yake, mimi nikibaki chini kuisikiliza. Alishuka anatabasamu. "Inaimba, Tonton. Lakini kesho ufungue filtre, tuone."

Ijumaa sikwenda msikitini. Niliitoa filta ya oili, nikaikata kwa kisu, nikaikunjua karatasi yake juani. Chembe mbili tatu za chuma zisingenitisha. Karatasi yote ilikuwa inameta, kila mkunjo, kama mtu ameimwagia unga wa kumeta wa bibi harusi. Chuma kilikuwa kinajila. Nikaikunja tena, nikaifunga kwenye gazeti na kuitupa ndani ya pipa nyuma ya hanga. Nikafunga filta mpya. Nikafunga boneti.

Nyumbani Saliha alinishika mkono wakati nanawa. "Vidole vyako vinawakawaka. Umetoka wapi?"

Nikamwambia yote. Akakaa kwenye mkeka.

"Simama uende," alisema. "Saa hii. Mwambie yule mutoto."

"Mzee Valéry atanitukana mbele ya watu. Jabe yote itajua. Nani ataniletea hata baiskeli?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo cha nani? Ni dakika kumi na tano tu za kuruka! Kesho jioni nitamwambia, tutafungua injini yote."

"Na hicho kifo kikija, kitakuumbua weye, lakini kitamubeba nani?" alisema Saliha.

Nilitoa simu, wallahi niliitoa. Ikalia mkononi mwangu kabla sijabonyeza. Alikuwa Mzee Valéry. Alisema kesho nisiende na ndege, nije Ruziba, nimewekewa kiti cha mbele karibu na mjane, familia inataka kunishukuru mbele ya watu. Nilisema alhamdulillahi. Nilisema kwa sauti, na Saliha alinisikia. Akainuka, akaingia chumbani bila kuniaga.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta Carmen hangani, amevaa koti la ngozi la baba yake.

"Kiti chako, Tonton," alisema, akafungua mlango wa pembeni.

"Baba yako mukubwa ameniita Ruziba."

"Papa angekataa." Alicheka, lakini alinitazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. "Filtre ulifungua?"

"Nilifungua."

"Iko je?"

Alikuwa na macho ya Dogiteri. Nilitazama tairi.

"Safi," nilisema.

Akafunga ule mlango wa pembeni yeye mwenyewe.

Ruziba kulikuwa na mahema matatu, kreti za vinywaji chini ya migomba, kwaya ya parokia, watoto waliopigwa pasi. Adélaïde, mjane wa Dogiteri, alikuwa amevaa imvutano nyeupe, vazi la mafundo begani. Alinishika mkono akauweka juu ya goti lake. Mkono wangu ulikuwa na jasho. Naye akadhani ni machozi niliyofuta.

Ndege ilitokea upande wa mji, juu ya maji, ndogo, nyeupe. Ilipita juu yetu chini kabisa, mabawa yakayumba kusalimu. Wanawake walipiga vigelegele. Niliisikiliza. Ndani ya ule mlio kulikuwa na mlio mwingine, mkavu, wa chuma kikila chuma. Katika watu mia mbili niliusikia mimi peke yangu.

Carmen aligeukia ziwani kurudi mara ya pili. Mzee Valéry alichukua kipaza sauti.

"Munaona huyu? Anaitwa Tajudini. Mwaka muzima ndege ilikuwa mu mikono yake, na hakuigusa. Simama, ndugu yangu."

Nikasimama. Wakanipigia makofi. Makofi yalikuwa mengi hata sikujua ni wakati gani hasa mlio ulikatika. Yalipokwisha, ziwa lilikuwa kimya. Ndege ilikuwa bado juu ya maji, inakuja kwetu, pua imeinama kidogo, na haikutoa sauti yoyote.

Mzee Valéry aliitazama ikija. Kisha akainua fimbo.

"Amezima moteri kwa kumuheshimu baba yake," alisema kwenye kipaza sauti. "Tusimame wote. Dakika moja ya kunyamaza."

Watu mia mbili wakasimama. Wanaume wakavua kofia, kwaya ikainamisha vichwa, mama mmoja akamziba mtoto mdomo. Mimi sikuinama. Helisi inayozunguka huioni, unaona ukungu tu. Hii niliiona. Ilikuwa imesimama wima, tuli, mbele ya kioo, na nyuma ya kioo kulikuwa na koti la ngozi. Alikuwa anashuka, na kati yake na ufuko palikuwa na maji mengi bado.

Adélaïde hakuinama pia. Alikuwa ameishi na ule mlio miaka ishirini na miwili. Kucha zake ziliingia kwenye mkono wangu.

"Taju," alininong'oneza. "Amezima yeye?"

"Apana, mama," nilisema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni mi niliizima. Kila Ijumaa."

Nyuma yangu mtu aliniambia shii, dakika haijaisha.