Nakuja Kupima Tu

Detekta, mashine yake ya kutafuta vyuma, ililia. Tumsifu akapiga magoti kwenye matope na kuanza kuchokonoa kwa kijembe chake kifupi, moyo ukimwenda mbio kama kawaida yake, kisha akatoa kizibo cha soda. Kabla ya hapo alikuwa ametoa msumari, ncha ya jembe na bonge jeusi la mavi ya chuma, yale masazo ya wahunzi wa zamani, jepesi, lenye vitundu kama mkate. Bonge alilitupa kijitoni. Kizibo alikitia mfukoni, kwa sababu hakupenda kuacha takataka kwenye njia ya watu.

Manyunyu hayakukoma. Baridi ya Mbuji mwezi wa Mei haimhurumii mtu aliyezaliwa Same. Alikuwa fundi wa maji wa serikali, na wanakijiji walimwita Bwana Maji, jina ambalo siku hizi walilitamka huku wakitabasamu vibaya. Pampu ilikuwa imekufa, mabomba yamekauka, na maombi yake ya vipuri yalikuwa yanazunguka huko wilayani bila mtu wa kuyasimamisha. Wiki nzima alikuwa ametukanwa kwa kosa la wengine. Jumamosi ilikuwa yake.

Wenzake kazini walikuwa na mpira na bia. Yeye alikuwa na hiyo mashine yenye mpini mrefu na sahani ya mviringo chini, aliyoinunua kwa mchimbaji mmoja wa Chunya aliyeichoka dhahabu. Punje ya dhahabu asingeikataa, lakini siyo iliyomkosesha usingizi. Alipokuwa kituo chake cha kwanza, Mbozi, alikwenda kukitazama kile kimondo kikubwa, akakigusa, akabaki ameduwaa kwamba kitu kilichotoka juu kule kinaguswa na mtu wa kawaida kama yeye. Tangu siku hiyo alitaka kimoja tu, hata kidogo, akiokote mwenyewe.

Ndiyo maana Jumatano alimsimamisha Bibi Ida pale kwenye bomba lililokauka. Shamba la bibi huyo lilikuwa kwenye mteremko unaoitazama milima, ngoro zake, yale mashimo ya kulimia ya wenyeji, zimepangwa safi, kila shimo na matuta yake manne.

"Bibi, Jumamosi naomba nipite shambani kwako," alimwambia. "Nakuja kupima tu."

Bibi Ida alitazama ndoo yake. Kisha akasema, "Karibu, baba."

Tumsifu aliondoka anapiga mluzi. Hakujua kwamba kwa watu wale, karibu ya namna hiyo huweza kutoka hata mdomoni mwa mtu aliyeshikwa na hofu.

Sasa alipomaliza kupanda kilima, alisimama akidhani amepotea njia. Mteremko ulikuwa mtupu. Maharage yote yalikuwa yameng'olewa, na matuta ya ngoro yamebaki yamechanika. Uwanjani kulikuwa na malundo ya mashina yenye maganda ya kijani, yamelowa. Bibi Ida alikuwa amekaa kwenye kigoda anayapukuchua, na mkwewe Hedwiga alikuwa anashusha mzigo wa mwisho kutoka kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani?"

"Wale wa rangi."

Ilimchukua muda kuelewa. Bibi Ida alieleza bila haraka, mikono ikiendelea na kazi. Yeye alizaliwa upande wa makaa ya mawe. Walikuja vijana wenye kofia ngumu na mashine, wapole, wanaamkia wakubwa, wakasema wanapima tu. Baadaye nyumba ya kaka yake ikapigwa alama ya X nyekundu, naye akaambiwa asiguse chochote, kwa kuwa kila kilichomo shambani kimeshahesabiwa na fidia inakuja. Asipande, asivune, hata bati linalovuja asizibe. Kaka alikufa akiwa bado anaingoja, chini ya bati lile lile.

"Wakishapima si chako tena," alisema. "Nikaona haya maharage watayakuta ndani."

"Bibi, mimi sipimi ardhi!" Sauti ilimtoka Tumsifu kama ya mtu anayeshtakiwa. "Hii inatafuta vyuma. Vyuma na mawe. Ni jambo langu la kujifurahisha tu siku za mapumziko."

Hedwiga alimtazama, akaitazama ile mashine, kisha akacheka kicheko kisicho na raha. "Kwa hiyo tumeng'oa chakula cha watoto kwa ajili ya mchezo wako, Bwana Maji?"

Maharage yalibakiza wiki chache yakomae. Kidogo kingeliwa kibichi, na kilichobaki kingeoza kwa manyunyu yale, na mbegu ya mwakani ilikuwa imekwenda na maji. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Neno dogo namna ile, na ndilo alilolichagua.

Pikipiki ilinguruma njiani. Alikuwa Nicholaus, mtendaji wa kijiji, mtu ambaye ukimwita kwa habari ya pampu yuko semina, lakini habari ya dhahabu humfikia kabla ya mwenye shamba.

"Bwana Maji, nasikia unapima ardhi ya kijiji changu. Kibali kiko wapi?"

"Sipimi ardhi, mtendaji. Natafuta tu vyuma."

"Ndiyo kupima kwenyewe huko. Lete." Alikwishaishika mashine. "Inafanyaje kazi?"

Alivaa vipokea sauti vya masikioni, akaanza kuipitisha sahani uwanjani kwa madaha kama anayefagia ukumbi wa harusi. Ililia kwenye sufuria, ikalia kwenye jembe. Alipofika mlangoni mwa nyumba ilipiga yowe hata wasiovaa kitu masikioni wakasikia.

"Hapa pana nini?"

"Jiwe la mlango," alisema Bibi Ida. "Marehemu mume wangu alilitoa shambani alipochimba ngoro zetu za kwanza. Linazuia mlango usipigwe na upepo."

"Fundi, njoo uangalie hili," mtendaji aliita.

Tumsifu alichuchumaa. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, lakini alipolinyanyua, mikono yote miwili ilishuka kwa uzito. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia iliyoungua, haina kitundu hata kimoja, imejaa vibonyeo laini kama udongo uliobonyezwa na dole gumba. Alitoa kisumaku chake mfukoni. Kilimruka vidoleni na kung'ang'ania jiwe.

Ndilo. Kimondo. Miaka yote ya vizibo na misumari, na lilikuwa hapa likishikilia mlango. Alitamani kulia. Alitamani kumpigia simu mtu yeyote duniani.

"Sema basi," Nicholaus alihimiza. "Ni mali? Maana kama ni mali ni ya serikali. Nikipiga simu moja tu wilayani, Jumatatu wapimaji wako hapa, wanaupima mteremko wote huu."

Bibi Ida alikuwa amesimama na konzi la maganda mabichi mkononi. Hakulitazama jiwe. Alilitazama shamba lake.

"Mavi ya chuma," alisema Tumsifu.

"Mavi ya nini?"

"Takataka za wahunzi, mtendaji. Wazee wenu walifua majembe huku. Mlima mzima umejaa. Nyingine nimeitupa mtoni asubuhi hii."

Nicholaus alisonya. "Sasa hii mashine inabaki ofisini mpaka ulete kibali."

"Kinatolewa wapi?"

"Utajua mwenyewe."

Aliifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Alipofika kwenye kona ya shamba lake mwenyewe walimwona anasimama, anaifungua, na kuvaa vya masikioni.

Tumsifu alilirudisha jiwe mlangoni. Kidole gumba chake kilikaa kidogo ndani ya kibonyeo kimoja, kikaenea kabisa. Kisha akaliachia.

"Kumbe si kitu?" aliuliza Bibi Ida.

"Si kitu, bibi."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kile kisumaku kikiwa bado kimenata kwenye jiwe, na wote wawili wakikiona.

"Na akija mwingine akaniuliza?"

"Mwambie limeshapimwa."

Hedwiga alimsogezea kigoda na ungo. Tumsifu akakaa, akaanza kupukuchua. Punje zilikuwa changa mno, na nyingi zilipondeka vidoleni mwake kabla hazijafika kwenye ungo.